Nailoni Inayooza Shambani: Kazi ya Jua na Kazi ya Vijidudu

Nimeombwa nieleze kama inawezekana kutengeneza nailoni nyembamba ambayo ikimaliza kazi yake itatoweka yenyewe kwa nguvu ya jua na vijidudu vya udongoni. Jibu fupi ni kwamba inawezekana, na wanasayansi wamelishughulikia jambo hili tangu miaka ya 1970. Lakini jibu fupi lisingenitoa nyumbani. Katika nusu karne hiyo watu wengi wameuziwa nailoni iliyosemekana kwamba inaoza, kumbe ilikuwa inapasukapasuka tu.

Leo sizungumzii mfuko wa rambo. Huo umeshahukumiwa. Rwanda waliukataza mwaka 2008, Kenya mwezi Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar walikuwa wametangulia. Anayekwenda sokoni kununua nyanya ana kikapu, na kwa hilo sioni haja ya kumsumbua mkemia. Nazungumzia nailoni ambayo kanuni zetu za 2019 ziliiacha kwa makusudi, yaani ya kilimo. Kuna paa la kitalu nyumba, ambalo ni nene na tunataka lidumu. Likichakaa linakunjwa na kuondolewa. Kuna nailoni nyeusi inayotandazwa juu ya matuta ya nyanya, hoho na stroberi ili kuzuia magugu na kutunza unyevu. Na kuna viriba, ambavyo kila aliyewahi kuotesha mche wa kahawa, mkorosho au mchungwa anavijua. Hizi mbili za mwisho ndizo zenye matatizo. Ni nyembamba, zimeshikana na udongo, zimechanika, na hakuna kiwanda cha kurejeleza kinachozitaka zikiwa katika hali hiyo.

Anayetaka kuona mwisho wa jambo hili likiachwa lijiendee atazame China. Teknolojia ya matandazo ya plastiki iliingia huko kutoka Japani mwaka 1978, na mavuno yakapanda kweli, hasa katika maeneo makavu na yenye baridi kama Xinjiang, wanakolima pamba. Leo nchi hiyo inatumia zaidi ya tani milioni 1 za nailoni hiyo kila mwaka. Ili bei ipungue, viwanda viliipunguza unene hadi mikroni 8, wakati unywele wa kichwa cha binadamu una mikroni 50 hadi 100. Nailoni nyembamba kiasi hicho haivutiki kutoka ardhini, maana ukiishika inakatikia mkononi. Vipande vikabaki, msimu baada ya msimu, vikazuia mizizi na kupotosha njia ya maji udongoni, na Wachina wenyewe wakauita uchafuzi mweupe. Kiwango cha taifa kilichotolewa mwaka 2017 kiliwalazimu watengenezaji kurudi kwenye mikroni 10, ili angalau nailoni iweze kukusanywa.

Kwa nini haiozi? Polietilini, plastiki inayotumika kutengeneza takriban nailoni zote hizi, ilipatikana kwa bahati mwezi Machi 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza. Reginald Gibson na Eric Fawcett waliibana gesi ya ethilini kwa mgandamizo mkubwa sana, wakakuta masalia meupe kama nta chini ya chombo. Kikemia ni kitu rahisi mno: mnyororo mrefu wa kaboni, kila kaboni imeshika hidrojeni mbili, basi. Bakteria na kuvu wa udongoni hawamezi mnyororo kama huo. Wao hutoa vimeng'enya nje ya miili yao, vimeng'enya vinakata chakula vipande vidogo, kisha vipande hivyo ndivyo vinavyoingia ndani. Kimeng'enya kinahitaji mahali pa kukatia, kama yale mafundo ya oksijeni yaliyomo kwenye wanga, mafuta na selulosi. Polietilini haina fundo hata moja. Isitoshe, haipendi maji, na vimeng'enya hufanyia kazi majini. Hapo ndipo jua linapoingia.

Mwanga wa jua unaotufikia una sehemu ndogo tusiyoiona kwa macho, mionzi ya urujuanimno. Polietilini safi kabisa isingeijali mionzi hiyo, lakini hakuna polietilini safi kabisa: kuna masalia ya kiwandani, na kuna sehemu ambazo oksijeni iliunguza mnyororo kidogo wakati plastiki ikiyeyushwa. Sehemu hizo hunyonya mionzi na mnyororo unakatika. Ronald Norrish wa Cambridge, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1967, ndiye aliyeeleza jinsi fundo la kaboni na oksijeni linavyovunjika kwa mwanga. James Guillet wa Chuo Kikuu cha Toronto akaichukua elimu hiyo na kuigeuza kazi ya kiwandani: akaweka mafundo kama hayo kwenye mnyororo kwa makusudi, machache tu. Uzuri wa mbinu yake ulikuwa kwamba kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayokata, hivyo kifungashio kilichoko dukani hakiharibiki. Kinaharibika kikitupwa nje. Binamu wa plastiki hiyo, ethilini iliyochanganywa na gesi ya kaboni monoksidi, ndiyo iliyokuja kutumika Marekani kwenye pete za kushikia makopo sita ya vinywaji, baada ya sheria ya mwaka 1988 kutaka pete hizo zivunjike zenyewe zisinyonge ndege na samaki. Kwa lengo hilo ilifaa, kwa kuwa pete iliyokatika hainyongi.

Mkulima, hata hivyo, ana shida nyingine. Yeye anataka nailoni ikae imara siku zote za mazao, halafu ife haraka. Gerald Scott wa Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham, akishirikiana na Dan Gilead wa Israeli, ndio waliopata jawabu ambalo mimi, kama mtu wa polima, bado nalivulia kofia. Scott alikuwa bingwa wa viungio vinavyozuia mpira na plastiki kuchakaa. Alijua kwamba kiungio kiitwacho dithiokabameti, kikishikamana na chuma, kina tabia mbili. Mwanzoni kinalinda plastiki dhidi ya oksijeni. Mwanga unakila polepole, na siku kinapoisha, chuma kilichokuwa kimefungwa ndani yake kinaachiwa huru na kuanza kuharakisha uharibifu ule ule ambao kiungio kilikuwa kikiuzuia. Mlinzi anageuka mwizi. Ukibadilisha kiasi cha chuma, au ukaongeza kiungio cha nikeli, unasogeza siku ya mgeuko huo mbele au nyuma. Nailoni ya namna hiyo ilitandazwa mashambani Israeli na kwingineko, na wakati wake ulipofika ilikuwa ukiigusa inamomonyoka kwenye vidole.

Sasa mtazameni mkulima anavyoitandaza. Analaza nailoni juu ya tuta, halafu kingo zake mbili anazifukia kwa udongo, kwa sababu asipofanya hivyo upepo wa kwanza utaibeba. Miche inakua, majani yanafunika sehemu ya tuta. Mwisho wa msimu, sehemu ya juu iliyopigwa na jua imekuwa unga na vipande. Kingo zilizofukiwa hazijaona jua hata siku moja. Ziko vile vile, nyeusi, zenye nguvu, na sasa hakuna hata sehemu ya juu ya kushika ili uzivute. Jembe la trekta linapita, linazichana na kuzichanganya na udongo. Hii ndiyo kasoro ya msingi ya kila nailoni inayotegemea jua peke yake: uharibifu unatokea pale mwanga ulipo, na taka za shambani huishia pale ambapo mwanga haupo.

Marekani jambo hilo lilifika mahakamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Mobil ilianza kuuza mifuko ya taka ikiisifia kwamba inaharibika yenyewe. Mfuko wa taka huko unakwenda kufukiwa dampo, chini ya tani za takataka nyingine, na jua halifiki. Mwaka 1990 majimbo kadhaa yakaishtaki kampuni kwa kupotosha wanunuzi.

Na hata kipande kilichopata jua la kutosha, je, vijidudu wanakimaliza? Hapa tunaingia kwenye ugomvi uliodumu miaka mingi. Ann-Christine Albertsson na wenzake huko Stockholm walitengeneza polietilini yenye kaboni-14, ambayo unaweza kuifuatilia kokote iendako, wakaiweka kwenye udongo na kuipima kwa miaka 10. Ile ambayo haikupigwa na mionzi, kaboni iliyotoka kama hewa ya ukaa haikufika hata asilimia 1. Iliyotangulia kupigwa na mionzi ilitoa zaidi, lakini nayo haikufika asilimia 10. Kwa hiyo jua linawasaidia vijidudu kweli, ila msaada huo ni mdogo kuliko wauzaji walivyotuambia. Vipande vinakuwa vidogo muda mrefu kabla molekuli zenyewe hazijawa ndogo kiasi cha kulika, na katika kipindi hicho, ambacho kinaweza kuwa miongo, tunachokuwa nacho shambani ni chembechembe za plastiki zisizookoteka.

Scott aliitetea kazi yake mpaka uzeeni. Hoja yake haikuwa ya kupuuza: majani makavu na miti pia haviozi kwa miezi sita, vinachukua miaka, na katika kuchukua miaka hiyo vinajenga mboji, kwa nini plastiki idaiwe haraka ambayo mti haudaiwi? Mimi naikubali nusu ya kwanza ya hoja hiyo. Nusu ya pili inaniangusha, kwa sababu mti unaooza polepole hauongezewi mti mwingine kila msimu katika tuta lile lile. Umoja wa Ulaya uliamua kwa upande wake: agizo lake la mwaka 2019 lilipiga marufuku plastiki zenye viungio vya kuharakisha uharibifu wa namna hiyo, kuanzia tarehe 3 Julai 2021. Mwaka huo huo wa 2019, Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walichapisha jaribio lao la miaka 3. Mfuko uliosemwa unaoza, baada ya muda wote huo udongoni au baharini, ulikuwa bado unabeba vitu vya dukani. Ile iliyotundikwa hewani na juani ilikuwa vipande ndani ya miezi 9.

Njia ya pili inaanza na vijidudu, si na jua. Badala ya kuchukua mnyororo usiokatika na kutafuta jinsi ya kuudhoofisha, unatengeneza mnyororo wenye mafundo ambayo vimeng'enya vinayajua tayari, yale ya esta, kama yaliyomo kwenye mafuta ya kula. Polima inayotumika zaidi kwa kazi hii inaitwa kwa kifupi PBAT. Kampuni ya BASF ya Ujerumani iliingiza yake sokoni mwaka 1998. Ni laini, inanyumbulika, na inapita kwenye mashine zile zile za nailoni: chembe zinayeyushwa ndani ya parafujo, ujiuji unatokea kwenye tundu la duara, unapulizwa hewa ukawa puto refu linalopanda juu likipoa, kisha linabanwa na rola na kuviringishwa. Tahadhari kubwa ya fundi ni kukausha chembe kabla hajazitia, kwani unyevu ukiingia kwenye joto lile unakata minyororo na puto linatoboka. Mara nyingi huchanganywa na wanga, au na PLA itokanayo na mahindi. PLA peke yake isiwadanganye. Inahitaji joto la karibu nyuzi 60 ili ioze kwa kasi, joto la lundo kubwa la mboji ya kiwandani, na udongo wa shamba hauna joto hilo.

Ushahidi kwamba vijidudu wanaila PBAT hasa, si kuivunjavunja tu, ulitolewa mwaka 2018 na Michael Zumstein na wenzake wa Zurich. Waliiweka alama kwa kaboni-13, wakaizika kwenye udongo kwa wiki 6, kisha wakaitafuta kaboni ile. Waliikuta katika hewa ya ukaa iliyotoka, na wakaikuta ndani ya miili ya vijidudu, wakiwemo kuvu, waliokuwa wameota juu ya nailoni. Kaboni ya plastiki ilikuwa imekuwa nyama ya kiumbe.

Na sasa jambo ambalo linawashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Mada niliyopewa inataja jua na vijidudu kana kwamba ni washirika, mmoja akianza kazi na mwenzake akiimaliza. Katika PBAT jua linaweza kumharibia kazi mwenzake. Polima hii ina pete za kaboni zinazonyonya urujuanimno, na mionzi ikizidi, minyororo haikatiki tu, mingine inaungana kwa pembeni na kuwa wavu. Vimeng'enya havipenyi vizuri kwenye wavu. Nailoni inakuwa kavu, inapasuka mapema, mkulima anadhani imeanza kuoza, kumbe imekuwa ngumu zaidi kwa walaji wake. Ndiyo maana matandazo mazuri ya aina hii huwa meusi: masizi yaliyochanganywa ndani yanazuia magugu, na pia yanaikinga polima na jua mpaka siku ya kuchanganywa na udongo. Mtengenezaji wa njia ya Scott analiita jua lije lifanye kazi, na wa njia hii analifungia mlango. Anayewauzia nailoni na kusema inaoza kwa vyote viwili, mwulizeni amechagua kipi.

Tunajuaje kwamba imeoza? Kwa macho hatujui. Kipimo chake ni cha kizamani na mimi nakipenda kwa sababu hakihitaji mashine ya mabilioni. Unachukua chupa tatu zenye udongo wa shamba wenye unyevu. Ya kwanza unatia nailoni iliyosagwa, ya pili unatia selulosi, ya tatu huongezi kitu. Kila chupa ina kikombe kidogo cha myeyusho wa besi unaonasa hewa ya ukaa inayotolewa na vijidudu. Kila baada ya siku kadhaa unafungua, unapima besi imepungua kiasi gani, unaweka mpya, unafunga. Chupa ya tatu inakuambia udongo wenyewe unapumua kiasi gani, hicho unakitoa. Ya pili inakuthibitishia kwamba vijidudu wako wako hai na wana njaa. Ya kwanza ndiyo hesabu yako. Kiwango cha Ulaya cha matandazo yanayooza, EN 17033 cha mwaka 2018, kinadai asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka hewa ya ukaa ndani ya miaka 2, kwenye udongo wa nyuzi joto karibu 25. Ni kiwango kikali, na nailoni zinazokifikia zipo. Bei yake huwa mara mbili ya ile ya kawaida au zaidi, ingawa mkulima anaokoa gharama ya kuiondoa.

Turudi kwetu, kwenye viriba, kwa sababu hapo hesabu inageuka kabisa. Kiriba kinakaa kivulini kitaluni, chini ya nyasi au chandarua, kwa hiyo kiungio cha jua hakina kazi. Ndani yake kuna udongo wenye samadi, unaomwagiliwa kila siku, wenye joto: karamu ya vijidudu. Nailoni ya PBAT iliyotengenezwa kwa tuta la stroberi huko Italia inaweza kuanza kulegea kabla mche wa kahawa, unaokaa miezi mingi kitaluni, haujafikia umri wa kupandwa. Ukiifanya nene ili idumu, inachelewa kuoza shambani na bei inapanda. Tatizo hili halitatatuliwa Ulaya, maana wao hawana mamilioni ya miche ya mikorosho kwenye viriba. Vivyo hivyo kwa matandazo: nailoni iliyopangiwa jua la Birmingham haitahesabu siku zake sawasawa Dodoma, wala kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako urujuanimno ni mkali zaidi mwaka mzima.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wanafunzi wa kemia na wa kilimo mliomo humu: chupa, besi na udongo vinapatikana. Chukueni udongo wa Mbinga, wa Mtwara na wa Lushoto, chukueni kila nailoni inayouzwa hapa kwa jina la kuoza, mpime, mchapishe majibu kwa Kiswahili ili mwenye kitalu ayasome. Kwa wakulima: muuzaji akikwambia nailoni yake inaoza, mwulize inaozea wapi, kwa muda gani, na nani amepima hewa ya ukaa. Akikosa jibu la swali la tatu, lipa bei ya nailoni ya kawaida. Na mpaka vipimo hivyo vifanyike, kiriba kikatwe na kuvuliwa kabla mche haujaingia shimoni, vikusanywe vyote mwisho wa siku, vihesabiwe, visibaki shambani hata kimoja.